Barabara Iliyokaribia Kufutwa

Niliporudi kutoka Uingereza nilirudi na diploma ya kompyuta, sanduku moja la nguo, na begi la diski nililolipakata ndege nzima kama mtoto mgonjwa. Hakuna aliyenisomesha. Asubuhi niliwaosha na kuwalisha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee, jioni nikaenda darasani na mikono bado inanuka sabuni ya dawa. Siku ya kupokea vyeti nilikuwa mwanamke mweusi pekee kwenye mstari, na walioniangalia kwa jicho la pembeni mwanzoni mwa kozi walikuwa nyuma yangu kwa alama. Ninalisema hili mapema kwa sababu watu wa mtaa wetu hupenda kusema nilibahatika. Sikubahatika. Nilifanya kazi.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilipata kazi mtaa wa Mowlem, Eastlands ya Nairobi, ghorofani, juu ya duka la jumla la unga na sukari. Mwenye duka ndiye aliyekuwa mwenye ofisi: mfanyabiashara Mwislamu, mzaliwa wa Nairobi, ambaye wazazi wake walikuja nchini wakikimbia vita vya kwao. Alikuwa ameona mbali kuliko wenzake wa jumla. Wao walipoongeza magunia, yeye alinunua kompyuta tatu zilizokwisha kutumika, akaziweka juu na kuandika ubao: Tunapiga Chapa. Alinipokea kwa heshima iliyochanganyika na utani. Hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita Dada Diploma.

"Dada Diploma, panda juu, kuna bibi harusi anataka kadi."

"Dada Diploma, huyu anataka barua ya kazi, lakini kazi yenyewe haijui."

Kompyuta moja ilikaa mlangoni, moja dirishani, ya tatu ukutani. Sitasahau mwanga wa chumba kile saa za alasiri. Jua liliingia kwa mshazari, likapita kwenye unga uliopanda kutoka dukani kupitia nyufa za mbao za sakafu, na hewa yote ikawa kama maziwa. Mashine zilinguruma kwa sauti ya chini. Ukikaa hapo bila mteja, kichwa kilielea, ukaanza kusikia vitu ambavyo havikuwapo: mvua, mtu anayefagia mbali, mama yako akikuita.

Katika mwanga huo ndipo alipokuwa akija yule mzee, kila Jumatano.

Alikuwa dereva wa lori maisha yake yote, kutoka Nairobi kwenda Mombasa na kurudi. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemnyang'anya macho. Mke wa mwanawe alimpandisha ngazi, akamkalisha kwenye kiti karibu nami kwenye mashine ya mlangoni, kisha akaenda sokoni. Siku ya kwanza nilimuuliza anataka kupiga chapa nini.

"Barabara," alisema.

"Barabara gani, mzee?"

"Ya Mombasa. Kuna nyingine?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinielezea taratibu, uso ukielekea dirishani kana kwamba kioo cha lori kiko pale. Tangu macho yazimike alikuwa akisafiri kichwani. Kila alasiri alilala kitandani, akawasha gari, akaenda. Lakini siku hizi barabara ilikuwa imeanza kukatika.

"Juma lililopita niliitafuta Kiboko nikaikosa," alisema. "Nilitoka Emali vizuri, nikajikuta Makindu. Katikati hakuna kitu. Unaelewa, mwanangu? Si giza. Giza nimelizoea. Hakuna kitu."

Kiboko ilimrudia siku chache baadaye, lakini alikwisha kuogopa. Alitaka iandikwe yote kabla haijamtoka, mji kwa mji, ili itakapopotea asomewe. Hilo tu ndilo alilotaka duniani. Hakutaka kitabu, hakutaka jina lake gazetini.

Basi tukaanza. Nilimfungulia folda yenye jina lake, na ndani yake kila mji nikaupa faili yake. Mimi napiga chapa kwa vidole kumi bila kuangalia kibodi, na sijamwona mtu Eastlands aliyenishinda kwa kasi, kwa hiyo mzee hakulazimika kunisubiri. Aliongea kama anavyoendesha. Pale Salama aliupanda mlima kwa gia ya kwanza, na sauti yake ikawa nzito, neno moja moja, hadi nikahisi kiti changu kinaegemea nyuma. Kufika Sultan Hamud aliteremka akasimama kunywa chai. Makindu palikuwa na harufu ya matunda yaliyoiva mno. Baada ya Mtito Andei ndovu walikuwa wekundu kwa vumbi, wakivuka barabara alfajiri bila haraka, na yeye akazima injini na taa akawangoja, kwa sababu, alisema, wao ndio wenye nyumba.

Nilikuwa naandika na kusinzia kwa pamoja. Sijui namna ya kulisema vizuri zaidi. Macho yangu yalikuwa wazi, vidole vikienda, lakini mimi nilikuwa Maungu, kwenye tambarare, na upepo wa joto ukinipiga kwenye mkono uliotoka dirishani. Mteja alipoingia kuulizia bei ya kadi za harusi, nilishtuka kama mtu aliyeamshwa garini. Nimeona miji mikubwa ya Ulaya. Hakuna iliyonichukua namna ile.

Kufikia wakati ninaousimulia, tulikuwa Mariakani, karibu na mwisho. Na kule nyuma barabara ilikuwa imeanza kukatika tena. Aliniomba nimsomee Emali, akasikiliza kwa makini kama mtu anayesikiliza habari za ndugu aliye mbali. Nikajua kwamba asingeweza kuisema tena. Kilichokuwa ndani ya mashine ndicho kilichokuwa kimebaki.

Ndipo mwenye duka akanunua mashine mpya. Ilikuwa moja, kubwa, yenye nguvu kuliko zile tatu zikijumlishwa, na alikwisha kuziuza zile kuukuu kwa mwenye chuo kimoja upande wa Kariokor. Kazi ya kuhamisha mafaili ya wateja ilikuwa yangu. Nani mwingine? Mtaani kulikuwa na watu wengi wa kuwasha kompyuta. Mtu wa kuhamisha nyumba nzima ya mafaili kwa amri za kuandika, bila kipanya, bila picha, nilikuwa mimi.

Nilitumia programu iitwayo rsync, ambayo nilikuja nayo kwenye begi langu. Ni programu isiyo na uso. Unaandika mstari mmoja: chukua folda hii, ifanye folda ile ifanane nayo. Inalinganisha faili kwa faili, inanakili kilichobadilika tu. Na ukiiongezea neno moja mwishoni, inafanya jambo la ziada: chochote kilichopo kule kunakopelekwa, na hakipo kule kunakotoka, inakifuta. Haikuulizi. Haina kapu la takataka la kurudia. Inatii kama askari.

Neno hilo tulilihitaji. Wateja wetu walikaa palipokuwa na nafasi, leo mlangoni, kesho dirishani, kwa hiyo mtu mmoja aliweza kuwa na barua kuukuu kwenye mashine moja na mpya kwenye nyingine. Mwenye duka hakutaka mashine yake mpya ijae uchafu.

"Mteja mmoja, chumba kimoja," alisema. "Chukua ya karibuni, ya zamani tupa. Kama unga."

Diski ya mlangoni nilikwisha kuihamisha, nikaihakiki, na fundi wa mnunuzi akawa ameisafisha na kuishusha chini. Ilibaki ya dirishani na ya ukutani. Mkokoteni ulikuwa tayari nje ya duka, na mwenye mkokoteni hakuwa mtu wa subira.

"Wee boss!" alipaza sauti kutoka chini. "Mzigo unashuka leo ama tungoje Krismasi?"

"Unashuka!" mwenye duka akajibu dirishani. Kisha akanigeukia. "Dada Diploma, umesikia. Bonyeza."

Nilikuwa nimefunga diski ya dirishani ndani ya mashine mpya. Amri ilikuwa imeandikwa kwenye skrini, ipite folda kwa folda kwa wateja waliomo kwenye diski hiyo tu, na neno la kufuta likiwa mahali pake. Kidole kimoja tu kilibaki.

Sasa, mimi nina tabia moja. Sikufundishwa na mwalimu yeyote, niliizaa mwenyewe. Katika ile nyumba ya wazee, kabla sijamnyanyua mtu kutoka kitandani kumpeleka kwenye kiti, nilipita njia yote kwanza mikono mitupu: kitanda, zulia, mlango, kiti. Wenzangu walinicheka. Mimi sikuwahi kumwangusha mzee hata mmoja. Na ile programu ina namna ya kupita njia mikono mitupu. Unaongeza alama moja, nayo inakuonyesha yote ambayo ingefanya, mstari kwa mstari, bila kugusa kitu. Watu hawaitumii kwa sababu inachosha. Mimi sihamishi hata faili moja bila hiyo.

"Naijaribu kwanza," nilimwambia.

"Unajaribu nini? Si ulisomea?"

"Nilisomea ndiyo maana najaribu."

Nikaongeza ile alama, nikabonyeza. Mistari ikaanza kupanda. Mteja huyu, barua moja mpya. Mteja yule, hakuna kilichobadilika. Mwanga wa alasiri ulikuwa umeshaingia, unga ukielea, na mistari ilipanda polepole hadi macho yangu yakaanza kulegea. Halafu nikaona neno la Kiingereza lenye maana ya kufuta, na kando yake: Voi.

Nilidhani nimesinzia.

Futa Sultan Hamud. Futa Salama. Futa Mtito. Futa Maungu. Haikufuata mpangilio wa safari, ilikuwa inarukaruka kama mtu anayezima taa katika nyumba asiyoijua. Futa Makindu. Futa Kibwezi. Futa Kiboko. Miji ilipita mbele yangu mmoja mmoja ikiingia mahali ambapo mzee alipaita hakuna kitu. Nilijua kwamba ni igizo. Nilijua, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika ile alama. Hata hivyo niliuondoa mkono wangu kwenye kibodi na kuushika kwa ule mwingine.

"Nini?" mwenye duka aliuliza.

"Kuna folda yenye jina la mzee wangu wa Jumatano hapa. Lakini hii si yake. Ndani yake kuna maombi ya kazi."

Akainama, akasoma jina la folda. "Huyu namjua. Huja Jumamosi, wewe ukiwa umepumzika. Ni kijana, mrefu, karani wa godauni. Nilimfungulia mwenyewe."

"Huyu ni mzee. Haoni."

"Kijana huyo anaona vizuri sana, mpaka wateja wangu wa kike anawaona wote."

"Hili ni jina la mzee."

"Ni jina la kijana! Mimi nilimuuliza nikuandike nani, akasema jina hilo. Moja tu. Kwani huku nani hutaja mawili?"

Tukatazamana. Na hapo nikacheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Jina lenyewe lilikuwa la kwetu Ukambani, na sisi humpa mjukuu jina la babu. Mimi mwenyewe natembea na jina la nyanya yangu, na baba yangu alikuwa akiniita mama. Kijana huyo alikuwa mjukuu wa mzee. Nyumba moja, jina moja, folda mbili. Mashine ilikuwa imeona mteja mmoja mwenye vitu vya zamani na vitu vya karibuni, ikajiandaa kufanya tulichoiambia: ya karibuni weka, ya zamani tupa.

"Wallahi," mwenye duka alisema kwa sauti ndogo. Aliketi kwenye kiti cha mzee. "Na ile ya mlangoni wameshaisafisha?"

"Wameshaisafisha."

"Kwa hiyo kama ungebonyeza niliposema…"

Nilimwonyesha kwa kidole mstari ulioandikwa Kiboko. Kuna nyakati mtu mwenye diploma hana haja ya kusema kitu.

Kutoka chini sauti ikapanda tena. "Boss! Punda wangu ni mimi mwenyewe, nitachoka!"

"Ngoja wewe!" mwenye duka alifoka, kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Kuna watu wanafanya kazi huku!"

Niliibadilisha folda ya mzee jina, nikaongeza neno babu. Ya kijana nikaongeza mjukuu. Lile neno la kufuta nililiondoa kabisa kwenye amri, wateja wote, na mwenye duka hakuthubutu kutaja uchafu. Nikapita njia mikono mitupu mara nyingine. Hakuna mji uliotajwa. Ndipo nikahamisha, ya dirishani kisha ya ukutani. Kabla diski haijashuka nilifungua faili za mzee moja moja kwa macho yangu, kisha nikazinakili kwenye diski ndogo mbili, moja nikaenda nayo nyumbani. Mkokoteni uliondoka jua likizama. Mwenye duka mwenyewe alinipandishia soda.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kazini makusudi. Kijana alipoingia, aliinama kidogo mlangoni kwa urefu.

"Sasa, auntie. Niko na ile CV yangu."

"Kaa kwanza. Unajua babu yako huja hapa?"

"Babu? Kufanya nini? Si ati haoni."

Nikamfungulia Mtito Andei, nikamwacha asome. Alisoma akiwa na tabasamu la kejeli midomoni, kisha tabasamu likaondoka, na akabaki ameukunja mgongo mbele ya skrini kwa muda mrefu. Mwanga ulikuwa ukimpiga shingoni.

"Nyumbani haongei," alisema mwishowe. "Analala tu mchana. Sisi tunadhani amelala."

"Halali. Anaendesha."

"Na hii yote ilikuwa ipotee?"

"Haikupotea. Nilikuwapo mimi."

Jumatano iliyofuata yeye ndiye aliyempandisha mzee ngazi, baada ya kuomba ruhusa godauni. Mzee alikuwa amedhoofika. Hakuniuliza tumefika wapi. Alikaa na mikono juu ya magoti, na nilipomtajia Mariakani, alikunja uso kama mtu anayetajiwa mgeni. Nilikuwa nimeiokoa barabara nzima, na sasa nilimwona mwenye barabara ameshuka garini.

Kijana akavuta kiti. "Auntie, naweza kumsomea mimi?"

Nikamfungulia Kiboko. Alisoma kwa sauti ya shule, akiteleza hapa na pale, kisha akatulia. Alisoma juu ya miti mikubwa kando ya mto, manjano kwa chini kama imepakwa rangi, na kivuli chake kinavyoingia ndani ya lori ghafla, ubaridi ukikupata shingoni, na jinsi dereva anavyopunguza mwendo hata kama hana sababu.

"Nani ameandika hayo?" mzee aliuliza.

"Ni wewe, babu."

"Mimi?"

"Wewe. Auntie alikuwa anapiga chapa."

Mzee akaachia kicheko kidogo cha puani. "Basi nilikuwa mtu," alisema. "Soma tena."

Kijana akasoma tena. Alipofika kwenye kivuli, mzee aliinua kidole.

"Hapo mmeruka kitu. Liko wapi daraja?"

Nilitazama skrini. Hapakuwa na daraja. Hakuwahi kunitajia daraja lolote Kiboko.

"Daraja gani, mzee?"

"Ukitoka tu kwenye ile miti. Jembamba. Magari mawili hayapiti. Siku hiyo nilikutana na basi katikati kabisa, mimi nimejaza saruji, yeye amejaza watu, na makondakta wote wameshuka wanatukanana." Uso wake ulikuwa umegeuka kabisa kuelekea dirishani. "Mmoja ilibidi arudi nyuma."

Kijana aliniachia kiti bila kuambiwa. Niliweka vidole juu ya kibodi.

"Nani alirudi, babu?" aliuliza.

"Wewe unauliza?" mzee alisema. "Mimi na saruji yote ile? Andika, mwanangu. Basi lilirudi."

Nikaandika kwamba basi lilirudi.